Muulize Nahodha: Nimelelewa na bahari, kwa nini nifanye mtihani wa boti?

Mwezi huu barua nyingi zimekuja na jambo moja: ndugu zetu walio ughaibuni wanataka kuendesha boti za starehe na wanauliza habari za leseni. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu inagusa kazi yangu mwenyewe. Nafundisha masomo ya vitendo ya boti kwenye mto Havel, Berlin, na nilizaliwa Matondoni, Lamu, kijiji cha mafundi wa majahazi. Kwa hiyo anayesema "mimi bahari naijua" namwelewa kabisa.

Shikamoo Nahodha. Mimi ni mtu wa Kigombe, Tanga, sasa naishi Spandau. Nimekulia kwenye ngalawa ya mjomba wangu, na kabla sijamaliza shule ya msingi nilikuwa nashika usukani usiku. Mimi na wenzangu wawili tunataka kununua boti iliyotumika, ya mita sita, yenye mashine ya nguvu farasi 40. Muuzaji anasema lazima niwe na leseni. Kijerumani changu ni cha B1, yaani cha kati. Kweli nikakae darasani na watu ambao hawajawahi kulowa maji ya chumvi? Hakuna njia fupi? – Mwana wa Ngalawa, Berlin

Marahaba, mwanangu. Muuzaji amekwambia kweli. Kwenye mito, mifereji na maziwa mengi ya Ujerumani, mashine inayozidi nguvu farasi 15, yaani kilowati 11.03, haiendeshwi kwa starehe bila leseni. Mpaka huo umewekwa mwaka 2012. Kabla ya hapo ulikuwa nguvu farasi 5 tu, na mto Rhine bado umebaki kwenye 5. Ziwa Bodensee, kwa kuwa Ujerumani inalitumia pamoja na Uswisi na Austria, lina leseni yake peke yake. Wewe una 40. Hapo hapana mjadala, na bima yako ikigundua ulikuwa huna leseni siku ya ajali, tatizo litakuwa lako na la wenzako wawili.

Leseni yenyewe inaitwa Sportbootführerschein, nayo ni ya namna mbili: Binnen ni ya maji ya bara, See ni ya njia za baharini. Kwa Havel na Spree unahitaji Binnen. Lakini nikuulize: mtu wa Kigombe atatosheka na Havel mpaka lini? Ukiona moyo unakuvuta Rostock au Kiel, anza na See. Mtihani wa vitendo wa See unakubaliwa pia kwa Binnen ya mashine, na maswali ya msingi ukishayafaulu upande mmoja hurudii upande wa pili. Utasoma zaidi mwanzoni, ila boti ya mtihani utapanda mara moja tu.

Karatasi si nyingi. Uwe umetimiza miaka 16. Uwe na cheti cha daktari kuhusu macho na masikio, na hasa uwezo wa kutofautisha rangi, kwa sababu usiku meli huitambui kwa umbo bali kwa taa: nyekundu upande wake wa kushoto, kijani wa kulia, nyeupe nyuma. Uwe na picha ya pasipoti na nakala ya leseni ya gari. Kama huna leseni ya gari, unaomba ofisi ya mji hati ya kuonyesha huna rekodi ya makosa. Bei ya kozi inayotangazwa dirishani siyo yote. Ada ya mtihani hulipwa mbali, daktari mbali, na mara nyingi saa za boti mbali. Omba hesabu kamili kwa maandishi kabla ya kutia sahihi.

Sasa Kijerumani. Najua ndicho kinachokunyima usingizi kuliko kukaa darasani. Sikiliza vizuri: maswali yote ya mtihani wa nadharia yamewekwa wazi na serikali kwenye mtandao wa ELWIS, ule wa mamlaka ya njia za maji. Hakuna swali litakalotoka nje ya orodha hiyo. Ya msingi ni 72, ya Binnen kwa mashine ni 181 zaidi. Kila swali lina majibu manne ya kuchagua, na katika orodha iliyochapishwa jibu la kwanza ndilo sahihi siku zote. Kwenye mtihani hupangwa upya. Siku ya mtihani unapewa maswali 30: saba ya msingi, uyapate matano, na 23 ya Binnen, uyapate 18. Mtu wa B1 anaweza. Nimefundisha wanawake waliokuwa bado wanatafuta maneno dukani wakafaulu, kwa kuwa lugha ya maswali haya ina maneno yale yale yanayojirudia. Tengeneza daftari lako. Upande wa kushoto andika neno la Kijerumani, kulia andika tulivyolisema nyumbani: omo (mbele ya chombo), tezi (nyuma yake), usukani, dira, nanga, demani, joshi. Utashangaa ni mangapi tayari unayo, umeyajua kwa jina jingine.

Ukichagua See kuna karatasi ya ziada ya chati: rula, pembetatu na penseli, maswali tisa, uyapate saba. Chati inayotumika ni ya milango ya mito Jade, Weser na Elbe. Hapo ndipo wengi waliozaliwa mjini hutoka jasho, na hapo ndipo ninyi watoto wa wavuvi mnanifurahisha, kwa kuwa kuchukua alama mbili za nchi kavu ukajua uko wapi ni jambo mjomba wako alilifanya kila siku kwa mnazi na mnara wa msikiti. Tofauti ni kwamba hapa unaliandika kwa digrii.

Narudi kwenye swali lako la kukaa darasani, maana nimelisikia kwa wengi na silichukulii kwa wepesi. Ujuzi wako ni wa kweli. Kusoma upepo, kuhisi chombo kinavyoelea kikiwa kizito, kuiona dhoruba kabla haijafika, kufunga kamba gizani: hayo shule ya Berlin haiwezi kukupa, na mtahini yeyote mwenye macho atayaona dakika ya kwanza utakapoachia gati. Kwenye mafundo tisa ya mtihani (unaulizwa saba, ufunge sita sawasawa na ueleze kila moja ni la kazi gani) nadhani hutahitaji mwalimu ila kwa majina. Lakini ngalawa ya Kigombe ilikuwa na bahari pana na vyombo vichache. Havel Jumamosi ya Julai ina meli za watalii, matishari ya mchanga, waogeleaji, mitumbwi ya watoto wa shule na boti za kukodi zinazoendeshwa na watu walioanza asubuhi ile. Katika msongamano huo kila mmoja anapaswa kujua mwenzake atafanya nini, na ujuzi huo haumo kwenye upepo. Umo kwenye sheria, na lazima nyote muwe mmesoma sheria moja.

Nikupe mfano. Baharini, boti mbili za mashine zikikatizana, anayemwona mwenzake upande wake wa kulia ndiye anayempisha. Hiyo ni kanuni ya kimataifa ya mwaka 1972 ya kuzuia migongano, na inatumika Tanga kama inavyotumika Kiel. Ukija nayo Spree ukiwa mbele ya tishari la mizigo, itakuponza. Kwenye maji ya bara chombo chenye urefu wa chini ya mita 20 kinahesabiwa kidogo, na kidogo kinampisha mkubwa, atokee kulia au kushoto. Tishari haliwezi kukukwepa hata likitaka. Tena wakati mwingine utaliona linaonyesha ubao wa buluu wenye taa nyeupe inayowaka na kuzima. Linawaambia wenzake litapishana kwa upande wa kulia badala ya kushoto kama kawaida. Chini ya madaraja kuna alama za njano za umbo la almasi: moja maana yake pita hapa, lakini tazama anayekuja kutoka mbele, mbili maana yake pita, wa mbele amezuiwa. Ubao mwekundu, mweupe, mwekundu ni marufuku. Haya hata nahodha wa jahazi lililofika Basra asingeyajua bila kufundishwa, wala si aibu kwake.

Halafu kuna jambo ambalo kwangu ndilo moyo wa mtihani mzima, na ningependa ulisome mara mbili. Mtahini atatupa boya majini na kupaza sauti: mtu majini, kulia! Wewe unarudia kwa sauti ili wote chomboni wasikie. Unaamuru boya la kuokolea litupwe. Unamteua mtu mmoja amwangalie aliyeanguka wala asibandue macho. Na papo hapo, kabla hujafikiri jambo jingine, unaondoa gia na kugeuza usukani upande ule ule alikoangukia. Upande ule ule. Akili inakuambia umkimbie, lakini ukielekeza omo kwake, tezi linakwenda mbali naye, na rafadha, yaani panga za mashine, iko tezini. Kisha unazunguka, unamjia dhidi ya upepo, taratibu, na ukimfikia boti iwe imesimama na rafadha haizunguki.

Mjomba wako hakukufundisha hili kwa sababu ngalawa haina rafadha. Kwenye ngalawa anayeanguka hatari yake ni kuachwa nyuma. Kwenye boti ya nguvu farasi 40 hatari ya kwanza ni kukatwa. Nawaona vijana wetu mahodari kabisa, wanageuza boti mahali finyu kwa ustadi, lakini likitupwa boya mkono wao unakwenda upande usiofaa kwa sababu miaka yote ya tanga imewazoesha hivyo. Mtihani unakuruhusu kulirudia zoezi mara moja. Mtu aliyeanguka kweli hana mara ya pili.

Kwa sababu hiyo nakusihi: usinunue zile kozi za saa moja ya boti. Zipo, ni rahisi, na zinafaulisha watu. Saa moja inatosha kufundisha kuachia gati na kurudi gatini, kushika mwelekeo wa dira, kusimamisha boti na kugeuza mahali finyu. Haitoshi kumwokoa mtu mpaka mkono ujue wenyewe. Tafuta mwalimu atakayekubali mrudie zoezi hilo peke yake upepo ukivuma, si siku ya maji kimya tu, na mwende na wenzako wawili, kwa sababu siku utakayoanguka wewe, wao ndio watakaoshika usukani.

Njia fupi uliyouliza ipo, nayo ni halali: anzeni na boti ya nguvu farasi 15 msimu huu, msome, mfanye mtihani, kisha mnunue ile kubwa. Mwulize mwenye kukodisha ni sehemu gani za Spree zimezuiwa kwa wasio na leseni, maana katikati ya mji kuna masharti ya ziada.

Assalaamu alaykum Bi. Nahodha. Binti yangu ana miaka 16, tunaishi Hamburg. Amejiunga na wenzake wa shule kusomea leseni ya boti. Mimi ni wa Wete, na tangu meli ile izame Nungwi mwaka 2011 moyo wangu haujakaa sawa na maji. Baba yake anasema nimwache. Nimwache? – Mama wa Pemba

Wa alaykum salaam, dada yangu. Poleni. Hofu yako ina sababu, na mtu asikwambie kwamba ni ushamba. Wapo kisiwani kwenu ambao mpaka leo wakisikia mwezi wa Septemba wanainamisha kichwa.

Kisheria binti amefikia umri. Miaka 16 ndio mwanzo wa leseni ya mashine. Mimi ningemwacha, na ningeenda naye siku ya kwanza ya boti. Sikuambii hivyo ili uzoee. Nataka ukague. Una haki ya kuuliza, na shule nzuri itafurahi kuulizwa.

Uliza kwanza jaketi la kuokolea maisha. Angalia namba yake ya nyutoni, yaani nguvu yake ya kumwelesha mtu. Jaketi la 50 ni la kumsaidia anayeogelea, halimgeuzi uso juu aliyezimia. La 100 ni la maji yaliyotulia. Kwa mdomo wa Elbe na bahari ya wazi mwambie avae la 150, lenye mkanda unaopita katikati ya mapaja ili lisimpande shingoni. Kama ni lile linalojijaza hewa lenyewe, lazima liwe na alama ya ukaguzi. Mtungi wake na vifaa vyake hukaguliwa kila baada ya miaka miwili. Na hili nawaambia akina mama wote wa Kiislamu: jaketi la kujijaza huvaliwa juu ya nguo zote, juu ya mtandio na juu ya koti. Likivaliwa ndani halina pa kujazia, na likijaa linambana kifua. Mtandio auchomeke ndani ya koti, usipepee karibu na kamba wala mashine. Wanafunzi wangu wanafanya hivyo na hawapungukiwi na stara hata kidogo.

Uliza pia wanaanza lini. Watoto wetu wanajua kuogelea kwa maji ya Pemba. Maji ya Elbe mwezi wa Aprili ni ya digrii chini ya 12, na mwili ukiingia ghafla kwenye baridi hiyo pumzi inakatika na mtu anavuta maji kabla hajapiga mkono hata mmoja. Muogeleaji hodari anazama hivyo hivyo. Kwa hiyo jaketi alivae tangu gatini. Kuwa nalo chini ya kiti ni sawa na kutokuwa nalo. Mwambie maneno hayo kama yalivyo, ukiwa mama yake, atayashika kuliko akiyasikia kwangu.

La mwisho, mwulize mwalimu mbele ya binti: nahodha akiwa amekunywa, nani anashika usukani? Kiwango cha kileo kinachoruhusiwa kwa boti Ujerumani ni 0.5 kwa elfu, lakini chomboni mwenye watoto wa watu kinywaji ni sifuri. Ukipata jibu linalosuasua, hamia shule nyingine.

Nahodha, mimi ni wa Likoni, nimehamia Toronto. Natarajia kukodi boti kwa wikendi na familia Lake Simcoe. Kuna wanaosema nahitaji kadi, wengine wanasema sihitaji. – Baba Rehema

Baba Rehema, Kanada kila anayeendesha boti ya starehe yenye mashine, hata ile ndogo ya umeme, anatakiwa kuwa na uthibitisho kwamba anajua. Tangu Septemba 15, 2009 sharti hilo ni la watu wa umri wote. Kadi inaitwa Pleasure Craft Operator Card. Unaisomea na kuifanyia mtihani kwenye intaneti, maswali 50, na ukiipata ni ya maisha. Wanaokwambia huhitaji huenda wanazungumzia boti za kukodi: mwenye boti anaweza kukupitisha kwenye orodha ya maelezo ya usalama, mkatia sahihi, na karatasi hiyo inakutosha kwa muda wa kukodi tu. Usiichanganye kadi hii na namba ya leseni inayobandikwa ubavuni mwa boti. Ile ni ya chombo, hii ni yako.

Mimi nakushauri uisomee kadi, kwa sababu moja kubwa. Wewe umeona maboya ya Kilindini: meli ikiingia kutoka baharini, jekundu liko kushoto na kijani kulia. Ni mpango wa Ulaya, Afrika na sehemu kubwa ya dunia. Bara la Amerika limegeuza. Huko ukirudi bandarini au ukipanda mto, jekundu liko kulia. Mtu wa Likoni akifuata alichokizoea atapeleka boti na watoto moja kwa moja kwenye mawe, tena akiwa na uhakika wote kwamba yuko njiani. Mwombe mwenye boti akuonyeshe chati ya ziwa kabla ya kuwasha mashine, na uiweke mbele yako, siyo kwenye begi.

Nina leseni ya Ujerumani ya See. Mwakani nastaafu na kurudi Malindi, nataka boti yangu ndogo ya kuvulia samaki kwa starehe, na pengine niwatembeze wageni. Kadi yangu itafaa? – Mzee wa Stuttgart

Mzee wangu, kadi yako imeandikwa kuwa cheti cha kimataifa kwa kufuata Azimio Na. 40 la Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya. Imekusudiwa maji ya huko. Kroatia, kwa mfano, utaitumia. Kenya mwenye neno ni Mamlaka ya Usafiri wa Baharini, KMA, makao yake Mombasa. Wenzetu wa Tanzania Bara wana TASAC, na Zanzibar wana ZMA. Nenda KMA ukiwa na kadi na daftari la safari zako, uwaambie mapema boti ni ya aina gani, isajiliwe na ikaguliwe kabla hujaishusha majini.

Wageni wanaolipa ni habari nyingine. Siku utakayopokea shilingi ya abiria, starehe imekwisha na biashara imeanza, na leseni ya starehe haiibebi biashara, Ujerumani wala Kenya. Ukitaka njia hiyo, ianze ofisini tangu siku ya kwanza, na bima yake iwe ya abiria. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizotengwa tangu 1968, ziko chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, nazo zina kanuni na ada zake. Kuvua ndani ya hifadhi ni marufuku hata kwa ndoano moja.

Kuna somo moja ambalo ukiwa umesomea Baltiki hukulipata kwa vitendo, kwa kuwa Baltiki maji karibu hayapwi wala hayajai. Pwani yetu, siku za bamvua maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Mwamba uliopita juu yake asubuhi bila kuuona, jioni umesimama nje. Nunua majedwali ya maji ya Kilindini, lakini pia miezi ya mwanzo toka na mvuvi wa Malindi mwenyewe, umlipe siku yake kama fundi, na umwache akuonyeshe mlango wa kuingilia maji yakiwa yamekupwa kabisa, ndipo uuone ulivyo.